Karakana: "Binamu wa Muscat ananiuzia fremu ya milioni sita"

Barua za mwezi huu zimekuja na fremu mabegani. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu mwenyewe hela ameshaishika mkononi, na mtu wa namna hiyo hasubiri toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mkazi wa Moshi, miaka 43, kilo 82. Naendesha baiskeli ya resi ya alumini niliyoinunua mtumba miaka minne iliyopita. Ina kilo 9.3, breki za kubana rimu, gia kumi nyuma. Kila Jumamosi tunatoka watu tisa, tunakwenda Himo, halafu tunapanda Marangu mpaka geti la hifadhi ya Kilimanjaro. Wawili kati yetu wana kaboni. Hao wakifika juu hunisubiri dakika sita, siku nyingine saba, nawakuta wameshaagiza chai. Sasa binamu yangu aliyeko Muscat ana fremu ya kaboni ya daraja la juu kabisa, ya kampuni kubwa, toleo la 2022, ameitumia msimu mmoja. Ananiachia kwa dola 2,400, fremu na foki yake, bila kitu kingine. Mwezi uliopita nilipokea zamu yangu ya mchezo, kwa hiyo nina milioni saba na nusu. Mpango wangu ni kuhamishia vifaa vyangu vyote kwenye fremu mpya. Je, inalipa? Mke wangu amekubali kwa sharti moja, nikuulize wewe kwanza. Nimeambatanisha picha ya baiskeli yangu. — S.M., Moshi

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nisalimie sana shemeji, na umwambie sharti lake limefaa.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta namba moja, sikuipata. Umenipa umri, uzito, bei, mwaka wa fremu, hata dakika za chai. Hukunipa urefu wako, wala saizi ya fremu ya binamu. Nina miaka ishirini na tisa kwenye kazi hii hapa Arusha, na wateja walionunua fremu ghali wakaja kuijutia karibu wote walikuwa na kosa hilohilo: waliuliza aina ya nyuzi za kaboni, waliuliza gramu, hawakuuliza kama inawatosha. Fremu za mashindano za daraja la juu zimechorewa vijana wanaoweza kulala juu ya usukani saa tano. Bomba la mbele ni fupi, usukani unakaa chini ya kiti kwa sentimita nane mpaka kumi. Wewe una miaka 43 na, nikikisia, unafanya kazi ya kukaa mezani. Mgongo wako una maoni yake juu ya jambo hili na hautayanyamazia.

Mpigie binamu, mwambie akutajie namba mbili. Kila mtengenezaji huzitoa kwa kila saizi. Ya kwanza ni kimo: kutoka katikati ya mhimili wa pedali kwenda juu wima, mpaka usawa wa mdomo wa bomba la usukani. Ya pili ni kunyoosha: kutoka mhimili huohuo kwenda mbele, mpaka lilipo bomba hilo. Halafu chukua futi na timazi, upime vilevile kwenye baiskeli uliyonayo. Tofauti ya sentimita moja inatibika kwa kubadili shingo ya usukani na kuongeza pete mbili. Ikifika sentimita nne, achana nayo hata wakikupa bure.

Tuseme saizi ni yako. Bado mpango wako unakatikia mahali pengine, pale uliposema utahamisha vifaa vyote. Fremu ya daraja la juu ya 2022, kwa uwezekano mkubwa, ni ya breki za diski. Yako ni breki za rimu, kwa hiyo breki zako hazina pa kufungwa. Magurudumu yako nyuma yana upana wa milimita 130 na ekseli ya kubana kwa kishikio. Fremu ile inataka milimita 142 na fimbo nene ya milimita 12 inayopenya tundu hadi tundu. Magurudumu yamebaki. Vishikio vyako vya breki vinavuta waya, vile vipya vinasukuma mafuta. Vimebaki. Nyaya kwenye fremu nyingi za namna hiyo hupita ndani ya usukani na ndani ya shingo yake, kwa hiyo na usukani huenda ukabaki. Nguzo ya kiti ni ya umbo lake peke yake. Tena baadhi ya fremu hizi hazina hata njia ya waya wa gia, zinakubali gia za umeme tu, muulize hilo pia. Nikipiga hesabu ya vitakavyohama kwa uhakika, naona kiti, pedali na chupa za maji.

Kwa hiyo milioni sita ni mahari tu, ukoo mzima bado haujashuka kwenye basi. Breki za mafuta na gia zake, magurudumu ya diski ya kawaida kabisa, matairi, mhimili wa pedali, usukani: kwa hesabu yangu hutoki chini ya dola 1,500 nyingine, tena kwa vitu vya kawaida, visivyofanana na fremu yenyewe. Forodhani kuna ushuru, na juu yake VAT ya asilimia 18. Kama binamu anakusudia kuileta kama begi lake la safari, hilo mtaongea nyinyi na watu wa forodha, mimi simo.

Sasa tupande Marangu. Kutoka Himo mpaka getini unapandisha mwili wako karibu mita elfu moja juu. Wewe, baiskeli, nguo, viatu na maji, tuseme kilo 94. Mlimani kazi kubwa ni kuinua uzito, upepo haukudai sana kwa mwendo ule. Fremu yako ya alumini labda ina kilo moja na gramu mia nne, ile ya binamu labda gramu mia tisa. Umepunguza nusu kilo katika kilo 94, yaani nusu ya asilimia moja na chembe. Kwa kupanda kunakokuchukua saa moja na robo hivi, unaokoa sekunde ishirini na kidogo. Wenzako wanakusubiri dakika sita. Ukinunua fremu ile watakusubiri dakika tano na sekunde arobaini, na chai itakuwa imeshaagizwa vilevile.

Chupa moja ya mililita 750 ikijaa ni nzito kuliko nusu kilo hiyo unayoilipia milioni sita. Naona kwenye picha unabeba mbili. Njia nzima ya Marangu ina maduka ya kuuza maji.

Tukae hapohapo kwenye picha, maana imenifurahisha kuliko barua. Nimeikuza kwenye simu ya mwanangu. Gia yako kubwa ya nyuma naikadiria meno 25. Kwa Marangu, na kilo 82, hiyo ni adhabu. Unasukuma pedali taratibu kwa magoti kama mtu anayekanyaga udongo wa tofali, huku wenzako wanazungusha kwa wepesi. Kifaa chako cha nyuma cha kubadili gia, kama ni kile ninachodhani, kinabeba mpaka meno 32 au karibu na hapo. Kama mkono wake ni mfupi, utabadilishwa huo. Pili, matairi: ubavuni yana nyufa kama ngozi ya kisigino wakati wa kipupwe. Tairi gumu la bei rahisi na tairi laini zuri hutofautiana sana kwa jinsi yanavyomeza nguvu. Kwa uzito wako, kwenye lami tambarare ya mwendo wa kilomita 30 kwa saa, tofauti ya jozi moja yaweza kufika wati 15 hadi 20. Hakuna fremu itakayokupa hizo. Tatu, kiti chako kiko chini mno. Goti linabaki limekunjwa hata pedali ikiwa chini kabisa. Nne, cheni ni nyeusi. Sitasema zaidi, mkeo anasoma.

Na zile rasta za barabarani, najua unawaza kwamba kaboni itazilainisha. Wauzaji wote husema hivyo. Fremu ngumu ya pembetatu, iwe ya chuma au ya kaboni, hailegei kwenda chini kiasi cha kuokoa makalio yako. Kinacholegea ni tairi, nguzo ya kiti na kiti chenyewe. Pima nafasi chini ya breki zako. Kama tairi la milimita 28 linapita bila kugusa, lifunge, ujaze upepo psi 75 mpaka 80 kwa uzito wako, siyo zile 120 mnazojazana kwenye vituo vya mafuta mkidhani ugumu ndiyo kasi. Ukipita rasta za kwanza utajua nilichokuwa nasema.

Usinielewe vibaya, sidharau kaboni. Anayelipa ana haki ya kujua hela yake inakwenda wapi. Fremu ile haichongwi wala haichomelewi. Kitambaa cha nyuzi za kaboni, kilichokwishaloweshwa gundi ya epoksi, hukatwa vipande mamia. Mtu, tena kwa mikono, aghalabu Taiwan au China, hulaza kila kipande kwa pembe yake ndani ya kalibu: hapa nyuzi zielekee mbele, hapa zikatishe mshazari, hapa ziongezwe tabaka kwa sababu pedali inapinda. Kisha huokwa kwa joto na shinikizo. Daraja la juu hutumia nyuzi ngumu zaidi, ambazo ni ghali, na kwa kuwa ni ngumu zaidi unahitaji chache, ndipo uzito unapopungua. Ila nyuzi ngumu zaidi pia huvunjika kwa urahisi zaidi zikigongwa pasipopangwa, na ukuta wa bomba unakuwa mwembamba. Fremu ya daraja la juu ikiangukia jiwe la Marangu haina huruma kama ile ya alumini inayobonyea tu ukaendelea na safari.

Na hapa pana siri ambayo si siri. Kampuni nyingi hutoa fremu ileile kwa madaraja mawili au matatu. Umbo moja, vipimo vilevile, usukani unaitika vilevile kwenye kona, tofauti ni nyuzi na jinsi zilivyopangwa. Kampuni ya Specialized walipotoa fremu yao ya Tarmac SL8 mwaka 2023, uzito waliotangaza ulikuwa gramu 685 kwa ile ya S-Works, daraja lao la juu, na gramu 780 kwa ile ya chini yake. Gramu 95 ni ndizi moja iliyomenywa. Bei, hata hivyo, haziachani kwa ndizi. Mteja akinijia na hela ya fremu ya kaboni, naye ni mwendeshaji kweli, mimi humwelekeza kwa huyo mdogo wake. Sijawahi kuletewa lawama.

Septemba 2025 nilipanda basi kutoka Arusha mpaka Kigali kwenda kuona mashindano ya dunia, ya kwanza kufanyika Afrika. Miguu ilivimba, sijali. Siku ya wanaume nilisimama kwenye mawe ya Kimihurura tangu asubuhi. Kilomita 267.5, milima ukiijumlisha inafika mita 5,475. Fremu zilizopita mbele yangu siku ile, ukiziuza zote, unajenga shule. Walianza watu zaidi ya 160, wakamaliza 30. Tadej Pogačar alishinda, sawa, juu ya Colnago ya bei yake. Lakini wale mia na zaidi walioshuka njiani hawakuwa juu ya Phoenix ya kubebea mkaa. Walikuwa na fremu za daraja lilelile. Kwao fremu ni kiingilio tu, kila mtu anayo. Sheria yao inakataza baiskeli chini ya kilo 6.8 tangu mwaka 2000, na siku hizi fundi wa timu hana shida ya kuufikia uzito huo. Shida yake ni kutokwenda chini yake.

Na ukitaka kujifariji na alumini yako, Marco Pantani alishinda Tour de France ya 1998 juu ya Bianchi ya alumini. Alivuka mlima Galibier kwenye mvua, akawaacha wote. Alikuwa na kilo hamsini na kitu, nalo hilo ni jambo ambalo wewe na mimi hatuna haja ya kulijadili leo.

Utaniuliza, na wewe fundi, unayo? Ninayo. Imetundikwa juu ya meza ninapoandika. Niliinunua kwa mteja wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao, nikauza pikipiki. Wiki ya kwanza niliipangusa kwa fulana yangu safi. Miezi minne niliamka saa kumi na moja alfajiri bila saa, natoka Ngaramtoni napanda mpaka Oldonyo Sambu, narudi karakana ikiwa bado imefungwa. Niliipenda. Kwenye mteremko inasikiliza: ukiwaza kona, imeshaingia. Hilo alumini yangu haikunipa, wala sitakudanganya kwamba ni kitu kidogo. Lakini muda wangu wa kupanda Oldonyo Sambu niliuandika kwenye daftari, na muda wangu bora kuliko yote ulikuwa juu ya ile ya zamani, mwaka ambao nilikuwa na kilo saba pungufu. Mwezi wa tano nikarudi kuamka saa moja. Pikipiki nayo bado naikumbuka.

Kwa hiyo jibu ni hili. Fremu ya binamu usiichukue, isipokuwa saizi ni yako kabisa, na una dola 1,500 nyingine ambazo hazina jina la mtoto wala karo, na unapanda baiskeli si Jumamosi tu bali siku nne kwa wiki. Likikosekana hata moja kati ya hayo, acha. Chukua sehemu ndogo tu ya milioni zako: matairi mawili mazuri, gia ya nyuma yenye meno 32, cheni mpya, jezi inayobana mwili badala ya hiyo inayopepea, na siku moja ya kuja Arusha tukukalishe vizuri kwenye baiskeli. Nasema uje na viatu unavyoendeshea, si kandambili, kama alivyokuja mwenzako mmoja. Panda Marangu mpaka msimu wa mvua. Andika muda. Zile dakika sita zikishuka zikawa mbili, na hamu ya kaboni bado ipo, niandikie tena. Hapo nitakutafutia yule mdogo wake, saizi yako, mwenye breki na gia zake tayari. Baiskeli nzima iliyotumika karibu mara zote ni rahisi kuliko fremu tupu unayoijazia kipande kwa kipande.

Ukishindwa kujizuia, basi angalau uikague. Mwombe binamu risiti na namba ya fremu iliyo chini ya mhimili wa pedali, maana za bandia zimejaa, na rangi yake huwa nzuri kuliko ya halali. Dhamana ya kampuni kwa kawaida humfuata mnunuzi wa kwanza tu, kwa hiyo wewe huna. Achukue sarafu, agonge taratibu bomba lote kila sentimita mbili, akusikilizishe kwenye simu: mlio mkavu ni mzuri, ukisikia mahali panaitika kama kadibodi, pana tabaka limeachana. Aangalie kwa tochi chini ya bomba la chini, pale mawe yanaporukia, na pale mabomba membamba ya nyuma yanapoungana. Ufa wa rangi unaweza kuwa wa rangi tu. Unaweza pia usiwe.

SWALI: Hujambo Fundi? Kijana wangu ana miaka 15, anashindana hapa Nakuru na hata Eldoret. Kocha wake anasema bila fremu ya kaboni ya bei kubwa hatapiga hatua. Mimi ni mama peke yangu, nauza nguo. Nikope? — Mama wa mwendeshaji, Nakuru

JIBU: Sijambo, mama. Usikope.

Kijana wa miaka 15 bado anarefuka. Fremu utakayolipia mkopo miaka mitatu itakuwa imemwacha, au yeye ameiacha, kabla ya miezi kumi na minane. Na umri huo wanaanguka sana, tena ni vizuri waanguke sasa wajifunze. Alumini ikianguka unanyoosha kijiti cha nyuma cha kubebea gia maisha yanaendelea. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyekuja kushinda Tour de France mara nne, alijifunzia kazi kwa kocha David Kinjah kule Kikuyu, juu ya baiskeli za milimani, vumbini. Fremu za bei alizikuta mbele, alizikuta kwa sababu timu ndizo zinazozitoa. Mwendeshaji wa kulipwa hanunui fremu.

Kama una akiba kidogo, helmeti inayomkaa sawasawa ndiyo ya kwanza. Halafu nauli. Nakwambia hili nikiwa nimewaona vijana wengi: anayeshiriki mashindano kumi kwa mwaka juu ya alumini anamshinda anayeshiriki mawili juu ya kaboni, kwa sababu mbio za kundi hazisomwi nyumbani. Na kwa kuwa ni mtoto, chakula kiwe kingi kuliko unavyodhani kinatosha. Kocha namheshimu, ila muulize kwa upole kama yeye ndiye pia muuzaji.

SWALI: Shikamoo mjomba. Nilinunua fremu ya kaboni hapa Tanga kwa jamaa aliyehama. Nzuri sana, ila nguzo ya kiti ni ya alumini na imeganda ndani, haipandi haishuki. Fundi wa mtaani anataka kuichoma moto na kuipiga nyundo. Nimruhusu? — H., Tanga

JIBU: Marahaba mjomba. Mnyang'anye nyundo, na kiberiti pia.

Moto utalainisha gundi inayoshika nyuzi na fremu itakuwa imekwisha bila hata kuonyesha ufa. Kilichokupata ni hiki: alumini na kaboni zikigusana penye chumvi na unyevu, alumini huoza taratibu, huvimba kama unga mweupe na kujikaza ndani ya bomba. Kwa hewa ya Tanga na jasho la mpanda baiskeli, mwaka mmoja bila kuichomoa unatosha. Najua kwa sababu nimewahi kujifanyia mwenyewe. Fremu niliyoisema juu, niliiacha miaka miwili bila kugusa nguzo. Fundi mzima.

Anza na njia ya upole. Legeza na utoe kibanio chote cha kiti. Geuza baiskeli miguu juu, toa mhimili wa pedali, mwagia mafuta ya kupenya kutu kwa ndani yakashukie kwenye nguzo, uache siku tatu, urudie. Kisha tumia baridi, kinyume cha fundi wako. Alumini ikipoa husinyaa, kaboni karibu haibadiliki, na hiyo nafasi ya unywele ndiyo unayoitafuta. Nguzo nyingi za alumini zina uwazi ndani: nenda kwa wauza samaki ukachukue barafu, iponde, changanya na chumvi kwenye mfuko wa nailoni, uishindilie humo. Mfuko usipasuke, chumvi ndiyo iliyotuleta hapa. Baada ya nusu saa bana kichwa cha nguzo kwenye jiliwa, wewe na mwenzako mshike fremu karibu na kiti, muizungushe kwa pamoja kidogo kushoto, kidogo kulia. Msizungushe mkishika gurudumu la mbele, mtaipindua fremu yenyewe.

Ikikataa mara tatu, mimi nilifika kwenye msumeno. Nilikata nguzo nikaacha sentimita tatu zimechomoza, nikachukua ubapa mtupu wa msumeno wa chuma, nikaufunga kitambaa upande mmoja uwe mpini, nikaanza kuchana nguzo kwa ndani kwenda chini, mstari mmoja, kisha wa pili kando yake, mpaka kipande kikalegea nikakivuta kwa koleo. Jioni mbili. Kazi ni ya kusikiliza zaidi kuliko nguvu, na taa iwe nzuri, kwa sababu unga unaodondoka utakuwa wa rangi ya fedha muda wote. Ukiona umegeuka mweusi, acha hapohapo.